Askari Aliyechora Ukutani

Mwezi Novemba 1916, majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma kutoka Tabora yaliizingira kambi ya Waingereza huko Lupembe, mashariki ya Njombe. Waliokuwa ndani wengi wao walikuwa Waafrika, na waliokuwa nje vile vile. Kambi haikutekwa. Mwezi huo huo kikosi kimoja cha Wajerumani kilisalimu amri Ilembule, upande wa Wanging'ombe. Mimi sijapata kuona mchoro hata mmoja wa mkono wa askari wa Lupembe, wala wa wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, namshauri mkazi wa Njombe au Makambako atakayejaliwa nauli ashuke hadi pwani, apite Chalinze na Tanga, avuke mpaka Horohoro na kufika Mombasa. Huko ipo Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waingereza waliigeuza gereza. Tangu 1960 ni makumbusho.

Ndani yake imehifadhiwa michoro ya ukutani iliyotoka katika pembe ya ngome iitwayo San Mateus. Waliichora Wareno waliokuwa zamu hapo, mapema karne ya 17, na vifaa vyao vilikuwa rangi nyeusi ya makaa na udongo mwekundu tu. Hawakuwa mafundi. Lakini mkono wao haukusita walipochora merikebu: milingoti, matanga na kamba vimo. Yapo makanisa, wapo watu na samaki, na yupo hata kinyonga. Huyo kinyonga ndiye aliyenifurahisha kuliko wote, kwa kuwa ni mwenyeji pekee aliyetazamwa kwa makini na mgeni yule. Vilivyosalia ni mambo ya mtu anayengoja chombo cha kumrudisha kwao.

Chombo kilikuja kungojewa kwa uchungu zaidi baadaye. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na Wareno wakajifungia humo pamoja na mamia ya wenyeji wa pwani waliokimbilia ndani. Tauni ikaua kuliko risasi. Mwishoni mwa Agosti 1697 kamanda Mreno akafariki, na ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume wengine Waafrika wanane, na wanawake Waafrika wapatao 50. Hao ndio waliozishika kuta zile hadi msaada ulipowasili mwezi uliofuata. Katika mwaka huo huo merikebu ya Wareno, Santo António de Taná, ilizama chini ya ngome. Wapiga mbizi wakaja kuichunguza katika miaka ya 1970. Waomani waliingia ngomeni tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33.

Watu husimama mbele ya michoro ile wakadhani wanaiona vita. Sivyo, aliyechora alikwisha kuondoka miaka mingi kabla. Wakati wa vita yenyewe, makaa yalikuwapo na ukuta ulikuwapo. Lakini wanawake wale 50, waliopika, wakauguza na kukesha juu ya kuta, majina yao hayakuandikwa, na wala hakuna aliyewachora.