Jua, Yaka na Kuni: Kupasha Maji katika Nyumba Kongwe za Kasese

Huko Ulaya, fundi akizungumzia mfumo mseto wa joto katika nyumba ya zamani, mara nyingi ana maana ya mashine mbili zinazosaidiana kupasha vyumba wakati wa baridi. Kasese mjini hakuna anayeomba kupashiwa chumba. Mji umekaa bondeni, na usiku watu wanatafuta upepo. Joto tunalolihitaji sisi ni la maji: ya kuoga alfajiri, ya kumwogesha mtoto, ya mgonjwa, ya wageni wanaoshuka mlimani Rwenzori wamelowa. Na hapo ndipo nyumba kongwe inapompa fundi kazi ngumu kuliko nyumba mpya.

Mfano mzuri ni Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, wakati mgodi wa shaba wa Kilembe ulipokuwa unaanza uzalishaji. Mgodi ule ulijitegemea: ulikuwa na hospitali yake, umeme wake wa maji kutoka mto Mubuku, na safu za nyumba za wafanyakazi katika bonde la mto Nyamwamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama, lakini watu hawakuacha kuishi katika nyumba zile. Kuta bado ni imara. Waya, mabomba na mbao za paa ni za umri tofauti, kwa sababu kila aliyepita alitengeneza kidogo alipoweza. Huko Bwera na njia ya kuelekea Mpondwe nako zipo nyumba za matofali za zamani zenye hali kama hiyo, pamoja na shida ya maji ya bomba yanayokuja na kukatika.

Tuanze na hesabu, kwa maana ndiyo inayoamua kila kitu. Familia ikiwa na lita 100 za maji ya digrii 60, ikiyachanganya na maji baridi ya digrii 20, inapata lita 200 za maji ya kuoga ya digrii 40. Hizo ni ndoo kumi. Kuzipasha lita hizo 100 kutoka digrii 20 hadi 60 kunahitaji karibu yuniti 4.7 za umeme. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi, mita yako ya kulipia kabla, Yaka, itakula yuniti 140 kwa maji ya kuoga peke yake. Zile yuniti 15 za bei nafuu anazopewa mteja wa nyumbani kila mwezi zinaisha siku ya nne. Ukitumia mafiga matatu, ambayo sehemu kubwa ya joto lake hupotelea hewani, lita hizo zinataka kuni kavu kilo 7 hivi kwa siku. Jiko lililoboreshwa linaweza kupunguza kiasi hicho kwa nusu, lakini bado kuni hizo zinatoka mahali fulani. Bonde la Nyamwamba lilikumbwa na mafuriko makubwa Mei 2013 na tena Mei 2020, na hospitali ya Kilembe iliumia mara zote mbili. Sidhani tuna haki ya kuendelea kukata miti inayoshikilia udongo wa miteremko ile kwa ajili ya maji ya kuoga.

Jua ndilo linalopaswa kubeba mzigo mkubwa. Katika sehemu nyingi za Uganda, mita moja ya mraba hupokea karibu yuniti 5 za nguvu ya jua kwa siku. Paneli ya maji ya mita mbili za mraba, ikinasa nusu ya hiyo, inakupa yuniti 5, yaani lita 100 zile zile. Sisemi paneli ya taa. Hii ni sanduku jeusi lenye kioo juu na mabomba ndani. Maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu yake, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi. Hakuna pampu wala mota. Ila Kilembe mawingu ya Rwenzori hushuka mchana, na msimu wa mvua kuna siku jua halionekani kabisa. Ndiyo maana ya mseto: ndani ya tangi hilo hilo kuna elementi ya umeme inayomalizia pale jua lilipoishia, na jiko la kuni linabaki kwa siku ambayo umeme nao umekatika.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza ni saa. Elementi ikiachwa inajiwasha yenyewe wakati wowote, itapasha tangi saa kumi na moja alfajiri, mara tu watu wakishaoga. Jua likichomoza linakuta maji tayari ni moto, halina kazi. Mwenye nyumba amenunua sola na bado analipa umeme ule ule. Dawa yake ni taima inayoruhusu elementi kuwaka jioni tu, tuseme kuanzia saa kumi na mbili, baada ya jua kumaliza zamu yake. Kifaa hicho ni kidogo kuliko vyote katika mfumo, na kwa maoni yangu ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote.

Sasa nyumba yenyewe. Tangi la lita 200 likijaa, pamoja na paneli zake, linafika kilo 300 au zaidi. Kabla ya kukubali lipandishwe, ingia darini na bisibisi na tochi. Choma boriti pale inapokalia ukuta, na pale misumari ilipoingia. Mbao nzima hukataa. Bisibisi inaishia kwenye ngozi ya juu. Mbao iliyoliwa na mchwa inaonekana nzuri kwa nje, hata rangi yake haijabadilika, lakini bisibisi inazama kama kwenye mkate na unga mwembamba unamwagika. Ukikuta boriti mbili za namna hiyo, usibishane: jenga mnara mfupi wa chuma au matofali nje, ukutani mwa bafu, uweke mfumo wote hapo. Na paa likiwa la vigae vya asbesto, lisitobolewe kabisa, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu.

Sehemu ya chini ya tangi iwe juu ya ukingo wa juu wa paneli kwa sentimita 30 hivi. Pasipo nafasi hiyo, usiku maji moto hurudi kwenye paneli na kupoa. Shika bomba la juu, pale linapoingia kwenye paneli, saa nne usiku. Likiwa na joto, ujue tangi linatoa joto lake angani. Paneli iinuliwe angalau digrii 10 hadi 15 ili maji yapande na mvua ioshe vumbi. Kasese iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo kaskazini au kusini si hoja kubwa. Hoja ni kivuli cha mlima na cha mwembe.

Mabomba ya zamani ya GI, yaani ya chuma kilichopakwa zinki, yana kutu ndani na chokaa. Usiyaunganishe na bomba la shaba linaloyatangulia katika mkondo wa maji, maana chembe za shaba zinazobebwa na maji hutoboa zinki. Weka mstari mpya wa bomba la plastiki la PPR la maji moto, mfupi kadiri inavyowezekana, uliovikwa povu. Bwera, ambako maji hukatika, ningechagua paneli bapa na kuacha zile za mirija ya kioo: mirija ikikauka juani kisha maji baridi yakaingia ghafla, hupasuka. Tangi la maji baridi liwe juu ya lile la moto, na bomba la kupumulia lisizibwe kamwe.

Umeme nao una sheria zake. Elementi ya kilowati 3 inavuta zaidi ya ampea 12. Ipewe waya wake wa milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye breka yake, na breka ya kukata umeme ukivuja, na waya wa ardhi uliopimwa kwa kifaa. Zile shawa za umeme zinazofungwa juu ya kichwa cha mtu anayeoga huvuta zaidi ya hapo, na mara nyingi huungwa kwenye waya wa taa wa miaka mingi. Katika nyumba kongwe sizikubali hata kidogo.

Mwaka 2012 shirika la mazingira la WWF na wilaya ya Kasese walijiwekea lengo la nishati safi kwa kila kaya ifikapo 2020. Muda umepita na moshi bado unaonekana kila asubuhi, lakini wilaya ilipata mafundi wa sola wanaojua kazi. Ukimwita mmoja wao na akaanza kukuandikia bei akiwa bado amesimama uani, mwombe kwanza apande darini.