Nati ya Oili Inayovuja: Kazi ni ya Washa

Nati ya kumwagia oili hukaa sehemu ya chini kabisa ya sampu, bakuli linalotunza oili chini ya injini. Nyuzi zake kazi yake ni kushika. Kuziba ni kazi ya washa, kipete chembamba cha shaba, aluminiamu au faiba kinachobanwa kati ya kichwa cha nati na uso wa sampu. Oili iliyomo kwenye sampu haina presha. Yenye presha ni ile ambayo pampu imekwishaivuta na kuipeleka kwenye beringi na kamshafti. Pale kwenye nati kuna uzito wa oili yenyewe tu, kimo cha sentimita chache. Kwa hiyo washa mpya iliyo laini hutosha kabisa, na sampu nyingi za magari ya zamani huharibiwa na spana kabla ya umri kuzifikia.

Gari linaloingia Singida mjini kutoka Nduguti au Sepuka, baada ya safari ya vumbi, hubeba ushahidi tumboni. Vumbi hung'ang'ania palipo na oili, na kadiri siku zinavyopita hujenga ukoko mweusi. Lakini ukoko kuizunguka nati haujaithibitisha kuwa ndiyo mkosaji. Oili huteremka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, hivyo uvujaji wa gasketi ya tapeti kava, wa filta au wa sili ya krenki huishia palepale, kwenye ncha ya chini kuliko zote. Dawa ni kusafisha sampu nzima kwa brashi na mafuta ya taa injini ikiwa imepoa, kuikausha kwa kitambaa, kisha kuipaka poda ya mwili kuzunguka nati na juu yake. Safari fupi ya barabara ya lami, mathalani kwenda Ikungi na kurudi, hutoa jibu: mstari wa oili ukianzia kwenye ukingo wa nati, tatizo ni la nati, ukiteremka kutoka juu, nati imesingiziwa. Katika ukaguzi huohuo hutazamwa pia kama sampu imebonyea au ina ufa. Mawe ya barabara za changarawe hugonga hapo, na washa haiwezi kuziba uso uliopinda.

Oili humwagwa ikiwa vuguvugu. Injini iliyotoka safarini huwa na oili inayokaribia nyuzijoto 90 au zaidi, na inaunguza vibaya. Gari husimamishwa mahali tambarare, magurudumu yanayobaki chini huwekewa kabari, na likiinuliwa huegemezwa kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na jiwe au tofali hupasuka bila kutoa ishara; hakuna servisi yenye thamani ya kifua cha fundi. Aliyelala chini ya gari hukosea upande kwa urahisi. Nati hufunguka kinyume na mwendo wa saa kwa mtu anayekitazama kichwa chake, na kukosea hapo ni kuikaza zaidi nati ambayo tayari imechoka.

Nati ikitoka, washa ya zamani hutafutwa. Mara nyingi hubaki imenata kwenye sampu, ikapachikwa nyingine juu yake, na mbili zilizobebana huvuja. Washa ya shaba iliyotumika huonyesha mfereji mwembamba wa duara pale ilipobanwa: imekakamaa na haitajaza tena mikwaruzo midogo ya chuma. Isipopatikana mpya, ya shaba huweza kulainishwa kwa kuipasha moto hadi iive wekundu hafifu, kisha kuiacha ipoe au kuichovya majini. Aliyezoea uhunzi hushangaa, kwa kuwa kisu kilichoiva wekundu kikichovywa majini hukakamaa. Shaba ina tabia yake. Washa za aluminiamu na faiba hazilainishwi, hutupwa.

Nati nyingi za Toyota ndogo za petroli zina kipenyo cha milimita 12, hufunguliwa kwa spana namba 14, na mkazo wake ni kati ya nyutoni mita 30 na 40. Kwa spana ya sentimita 20, nyutoni mita 36 ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 18 hivi kwenye ncha ya mpini. Mkono mmoja unatosha. Fundi akichomeka bomba na kuufanya mpini ufike sentimita 60, mkono uleule hutoa nyutoni mita 108, na hapo nyuzi huanza kung'oka, hasa kwenye sampu ya aluminiamu, metali iliyo laini kuliko nati ya chuma. Nati huanza kufungwa kwa vidole mizunguko kadhaa. Ikigoma, imeingia upande, na hurudishwa nyuma.

Nati inayozunguka bila kukaza ina nyuzi zilizolika. Hapo ndipo huingia tepu nyeupe ya mafundi bomba, silikoni, hata sabuni ya mche. Vyote huahirisha tatizo, na vipande vya tepu au silikoni vikiingia ndani huweza kuziba chujio la pampu na kuinyima injini oili. Nati nene inayojikatia nyuzi mpya huweza kumfikisha mtu nyumbani kwenye sampu ya chuma, ila kwenye aluminiamu huweza kupasua tundu. Tiba ya kweli ni helikoili: tundu hupanuliwa kwa keekee, hukatwa nyuzi kwa tapu, kisha huingizwa koili ya chuma inayopokea nati ya saizi ileile. Sampu ya bati huweza pia kuchomelewa kitako kipya, baada ya kushushwa na kuoshwa mpaka isiwe na oili, maana mvuke wake hushika moto. Kwa kazi zote mbili, kuishusha sampu ndiyo njia salama ya kuondoa chenga za chuma.

Oili iliyomwagwa hukusanywa kwenye dumu. Singidani na Kindai ni maziwa yasiyo na mto wa kutokea; kinachochukuliwa na mvua kutoka gereji za mjini hadi humo hakiendi kwingine. Oili mpya ikishatiwa, injini huwashwa dakika chache, huzimwa, na stiki hupimwa oili ikishateremka. Kwenye injini nyingi, nafasi kati ya alama mbili za stiki ni karibu lita moja. Nati hufutwa kwa kidole kikavu siku hiyo, na tena baada ya safari ya kwanza.