Menolly Asiye na Joka: Suala la Kukua katika Dragonsong

Wenzangu wengi huzitupa hadithi za wapanda majoka kwenye kapu la fasihi pendwa, kisha basi, hawazigusi tena. Mimi naitetea moja: Dragonsong (1976) ya Anne McCaffrey, Mmarekani aliyehamia Ireland. Naona riwaya hii inalijibu suala la kukua tofauti na tulivyozoea kutarajia.

Kwanza mandhari. Pern ni sayari iliyohamiwa na binadamu zamani sana. Huko kuna vipindi ambapo Nyuzi huanguka kutoka angani na kuteketeza kila kilicho hai, na majoka huziunguza hewani kwa moto wa vinywa vyao. Mayai yanapoanguliwa, vijana husimama kwenye mchanga wenye joto kali, na kila kinda humchagua mwenzi wake. Tangu hapo akili zao huungana. Mpandaji akifa, joka wake naye hutoweka moja kwa moja. Kijana wa kiume hata jina hukatwa: Felessan akawa F'lessan. Ni jando kamili, umeingia mtoto, umetoka mtu.

Sasa Menolly hapiti njia hiyo. Yeye ni binti wa mkuu wa ngome ya wavuvi, na kosa lake ni kutunga nyimbo. Manju mzee Petiron, aliyemfundisha kwa siri, amefariki. Baba, Yanus, anamchapa kwa kupiga tuni yake mwenyewe mbele ya watoto, maana mwanamke kuwa manju ni aibu kwa ngome. Halafu anajikata mkono akisafisha samaki, kidonda kinapona vibaya, vidole vinakakamaa. Mama yake, Mavi, ndiye mwuguzi. Hebu tulitazame tukio hili vizuri. Kipigo cha baba tunakiona na kukilaani mara moja. Lakini mkono ule unatuachia shaka nzito zaidi, kwa kuwa ulemavu wake unawafaa wazazi. Nyanya yangu angesema tu, "Huyo mama naye!" na angekuwa amefanya uhakiki.

Menolly anatoroka, anaishi pangoni, analisha vifaranga wa mijusi-moto, jamaa wadogo wa majoka, ili wasiruke nje kwenye Nyuzi. Tisa wanamwandama. Hapa wasomaji wengi husema ndipo anapokua. Mimi sikubali! Mijusi wanampa wa kumsikiliza, si utu uzima. Baadaye, katika makao ya wapanda majoka anakookolewa, anashuhudia majoka wakichagua wengine, naye haombi nafasi. Anachokiogopa ni kidogo kwa umbo na kikubwa kwa uzito: kukiri kwamba zile nyimbo mbili ambazo Petiron alimpelekea Manju Mkuu Robinton ni zake.

Na hapo ndipo ninapogombana na mwandishi. Robinton anamgundua, Menolly hajitangazi. Msichana aliyeyakimbia maamuzi ya baba anasubiri mwanamume mwingine mwenye cheo aseme yeye ni nani. Inawezekana McCaffrey aliliona hili, kwani katika Dragonsinger (1977) anampeleka kwenye chuo cha mamanju, ambako baadhi ya walimu hawamtaki, na mkono bado unauma kila anaponyoosha vidole kwenye nyuzi za gita.