Je, Wajua? Ifakara, mji uliokaribisha watafiti wa mbu

Anayetafuta alama za kale Ifakara asitarajie magofu; alama yake ni maabara. Mwaka 1949 mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika katika bonde hili la mpunga, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo jirani na hospitali ya misheni ya Wakapuchini. Wengine walikimbia mbu, watafiti waliwafuata! Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo tafiti zake za vyandarua na chanjo ya malaria zinajulikana duniani.

Alama nyingine ni changa: Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero, mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018. Kabla yake, msafiri wa kwenda Mahenge, ng'ambo ya mto, alisubiri pantoni.