Charlottenburg: Mji Uliomezwa na Jiji

Mwaka 1905 mji wa Charlottenburg, uliopakana na Berlin upande wa magharibi, ulitimiza miaka 200. Katika mwaka huo lilizinduliwa jengo jipya la manispaa lenye mnara wa kimo cha meta 89, alama ya fahari ya mji uliokuwa na meya wake, hazina yake na kodi zake. Miaka 15 baadaye mji huo haukuwamo tena katika orodha ya miji ya Ujerumani. Haukuvunjwa na vita wala kuteketezwa na moto. Kilichohama ni mpaka.

Chanzo na ukuaji

Charlottenburg ulianza kama makazi madogo kando ya kasri la Malkia Sophie Charlotte. Malkia alipofariki mwaka 1705, mumewe, Mfalme Friedrich wa Kwanza wa Prusia, aliyapa makazi hayo hadhi ya mji na jina la marehemu. Kwa muda mrefu palikuwa mahali pa mapumziko tu. Viwanda na reli ndivyo vilivyopageuza. Mwaka 1882 ilifunguliwa reli iliyokatiza katikati ya Berlin hadi Charlottenburg. Mwaka 1893 wakazi walipita 100,000, na kufikia mwaka 1919 walikuwa zaidi ya 320,000.

Sayansi nayo ilipata makao huko. Mwaka 1887 iliundwa taasisi ya taifa ya fizikia na vipimo, na rais wake wa kwanza alikuwa mwanasayansi Hermann von Helmholtz. Kiwanja chake kilitolewa na mhandisi Werner von Siemens. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutafuta kipimo thabiti cha mwanga, jambo lililohitajika sana wakati taa za gesi na za umeme ziliposhindana. Wataalamu walipima mnururisho utokao katika tanuri lenye tundu dogo. Vipimo hivyo havikulingana na kanuni zilizokuwapo, na katika kuvieleza, Max Planck alitoa mwaka 1900 wazo lililozaa nadharia ya kwanta. Hivyo swali la kawaida la mwanga wa taa lilifungua mlango wa fizikia mpya.

Tatizo la mipaka

Kadiri nyumba zilivyoongezeka, miji hii miwili iligusana hata mgeni asijue aliko. Hata hivyo, kila manispaa ilijipangia mambo yake. Charlottenburg ulikuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa ya Prusia, kwa kuwa matajiri wengi walihamia huko na kulipa kodi huko. Neukölln, uliopakana na Berlin upande wa kusini, ulijaa wafanyakazi. Mapato yake yalikuwa haba, na watoto wa kusomeshwa walikuwa wengi. Watu wa miji yote hiyo walitegemea uchumi mmoja, lakini matunda yake hayakugawanywa sawasawa.

Mwaka 1912 kilianza chama cha ushirikiano cha manispaa hizo, kushughulikia usafiri, mipango ya ujenzi na misitu. Kazi yake iliyodumu ni mkataba wa mwaka 1915, ambao kwao kilinunua hekta 10,000 hivi za misitu ili zisigeuzwe viwanja. Lakini chama hicho hakikuwa na uwezo juu ya kodi, shule wala hospitali. Upungufu wa chakula wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ulizidi kuonyesha kwamba hakuna manispaa iliyoweza kujitosheleza.

Tarehe 27 Aprili 1920 Bunge la Prusia lilipitisha sheria ya kuunda Berlin Kuu kwa kura 165 dhidi ya 148. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Berlin iliunganishwa na miji 7, jumuiya za vijijini 59 na maeneo ya mashamba makubwa 27. Jiji lilipanuka kutoka kilometa za mraba 66 hadi 878, na wakazi kutoka milioni 1.9 hadi milioni 3.8 hivi.

Mwanafunzi na agawanye tarakimu hizo. Atapata kwamba msongamano ulishuka kutoka watu 28,800 hivi kwa kilometa ya mraba hadi 4,300 hivi. Je, kuna aliyepata nafasi zaidi ya kulala siku hiyo? La. Chumba kilichojaa watu jana kiliendelea kujaa. Ndiyo maana kabla ya kulinganisha takwimu za miji hapana budi kuuliza kwanza mpaka umepitishwa wapi.

Faida na hasara

Kwa muungano huo, mtaa maskini na mtaa tajiri uliingia katika hazina moja, na usafiri ukaweza kupangwa kwa jiji zima. Kwa upande wa pili, wakazi wa Charlottenburg walipoteza mamlaka ya kuamua matumizi ya kodi zao. Sheria ilijaribu kupatanisha haja hizo mbili: jiji liligawanywa katika wilaya 20, kila moja ikiwa na baraza lake, na Charlottenburg ikawa mojawapo. Mwaka 2001 wilaya hiyo nayo iliunganishwa na jirani yake, Wilmersdorf.

Mnara wa meta 89 ungali umesimama, na jengo lake hutumiwa na uongozi wa wilaya. Jina la malkia halikupotea. Kilichopotea ni haki ya mji kujitenga na majirani ambao ulitumia pamoja nao reli, hewa na nguvukazi.