Toyota HiAce mpya au 'drone': Kwa nini gari lililo salama zaidi halionekani katika vituo vya teksi vya Kampala?

Katika Old Taxi Park, kituo kikongwe cha teksi katikati ya jiji la Kampala, magari meupe yenye mstari wa miraba ya buluu hupangwa ubavu kwa ubavu, kiasi kwamba abiria hulazimika kupita kwa upande ili kuufikia mlango. Waganda huyaita teksi, Wakenya matatu na Watanzania daladala. Karibu yote ni ya aina moja: Toyota HiAce.

Mwaka 2019, kampuni ya Toyota ilizindua kizazi cha sita cha gari hilo, kikiwa kimesanifiwa upya. Kwa usalama wa wanaoketi ndani, gari hilo limewaacha mbali watangulizi wake. Hata hivyo, teksi zinazopanda na kushuka vilima vya Kampala zimeendelea kuwa za vizazi vya zamani. Je, ni nini kinachomzuia mmiliki wa teksi kununua gari lililo bora?

Nini kimebadilika?

HiAce za zamani, zinazoitwa 'kamunye' kwa jina la Kiganda la ndege aina ya mwewe, zilitengenezwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2004. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 2004, ndicho ambacho wakazi wa Kampala walikipa jina la 'drone'. Jina hilo lilibeba pia hofu wakati wa uchaguzi mkuu wa Januari 2021, mashirika ya haki za binadamu yaliporipoti kuwa watu walikamatwa na kuondolewa kwa magari ya aina hiyo yasiyo na namba za usajili.

Vizazi vyote hivyo viwili vina jambo moja linalofanana: injini iko chini ya viti vya mbele. Faida yake ni nafasi. Gari lenye urefu wa mita 4.7 tu hubeba abiria 14, kwa kuwa hakuna sehemu ya bodi inayopotea kwa ajili ya boneti. Hasara yake huonekana gari linapogongana uso kwa uso. Kati ya magoti ya dereva na kile anachokigonga kuna bati jembamba na usukani. Abiria wanaoketi kando yake nao wako katika hatari hiyo hiyo.

Katika kizazi cha sita, injini imesogezwa mbele na kuwekwa chini ya boneti fupi. Sehemu hiyo hujikunja wakati wa ajali na kupunguza nguvu ya mgongano kabla haijawafikia watu. Mwaka 2019, shirika la ANCAP linalopima usalama wa magari nchini Australia na New Zealand liliipa HiAce hiyo nyota tano, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa.

Lakini gari limekua. Toleo lake fupi lina urefu wa mita 5.27 na upana wa mita 1.95. 'Drone' nyembamba inayotoka Japani ina urefu wa mita 4.70 na upana wa mita 1.70. Tofauti ya sentimita 57 kwa urefu na sentimita 25 kwa upana ni kubwa katika kituo ambacho magari hupishana kwa upana wa kiganja. Isitoshe, endapo leseni ni ya abiria 14, sentimita hizo hazimwongezei mmiliki nauli hata moja.

Washindani wana nini?

Mshindani wa karibu zaidi ni Nissan Caravan, ambayo toleo lake la sasa lilianza kuuzwa mwaka 2012. Urefu na upana wake ni sawa na wa 'drone', na linapatikana kwa wingi katika soko la magari yaliyotumika la Japani. Nchini Kenya, Nissan zilienea kiasi kwamba jina hilo lilitumika kumaanisha matatu yoyote ya abiria 14. Hata hivyo, nalo lina injini chini ya viti vya mbele. Anayeacha 'drone' na kuchukua Caravan habadilishi chochote cha msingi kuhusu usalama wa miguu ya dereva.

Hyundai Staria, iliyozinduliwa mwaka 2021, ina injini mbele na ilipata nyota tano za ANCAP mwaka huo huo. Lakini gari hilo huvutwa na magurudumu ya mbele. Likijazwa watu na mizigo nyuma, kisha likapandishwa mlima wenye utelezi, uzito huhamia nyuma na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Zaidi ya hayo, Korea Kusini huendesha magari upande wa kulia wa barabara, hivyo magari yaliyotumika yanayotoka huko huwa na usukani upande wa kushoto, kinyume cha mahitaji ya Uganda.

Kwa nini Japani ndiyo inayoamua?

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Teksi nyingi za Kampala hazinunuliwi zikiwa mpya. Hununuliwa baada ya kutumika Japani, zikapitia bandari ya Mombasa na kuuzwa katika yadi zinazojulikana Kampala kama bondi. Kwa hiyo Kampala huendesha kile ambacho Wajapani walikinunua miaka kadhaa iliyopita.

Toyota ilipozindua kizazi cha sita, haikukiweka sokoni Japani kama HiAce ya kawaida. Iliendelea kuwauzia Wajapani umbo la mwaka 2004, kwa sababu upana wa mita 1.70 unalingana na barabara zao na kanuni zao za usajili. Umbo jipya liliuzwa huko kwa jina la GranAce, gari la kifahari la watu sita au wanane. HiAce mpya zinazouzwa katika nchi za Ghuba nazo zina usukani wa kushoto.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Hatua hiyo ilifunga mlango kwa 'kamunye' kutoka Japani, lakini si kwa 'drone', ambazo ziliendelea kutoka viwandani.

Hesabu ya siku

Dereva wa teksi kwa kawaida hupeleka kwa mmiliki kiasi maalumu cha fedha kila siku, na mara nyingi mmiliki naye analipa mkopo. Siku moja gari likilala gereji, hesabu ya wote wawili huvurugika. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi huhusu spea. Za HiAce ya zamani hupatikana Kisekka na Ndeeba, ziwe mpya au zilizotumika, na mafundi wanaijua injini yake.

Afrika Kusini inaonyesha kuwa bei ya usafirishaji si sababu pekee. Mwaka 2019 Toyota ilileta umbo jipya nchini humo kwa jina la Quantum, lakini ikaendelea kuunganisha Durban umbo la mwaka 2004 kwa jina la Ses'fikile, mahsusi kwa waendeshaji wa teksi. Hata palipokuwa na fursa ya kuchagua, biashara ya teksi ilibaki na gari la zamani.

Mnunuzi aangalie nini?

Kwa hoteli, shule au kampuni ya utalii inayosafiri barabara kuu kwa mwendo wa kasi, na yenye uwezo wa kununua gari jipya, HiAce ya kizazi cha sita ina hoja nzito. Kwa mmiliki wa teksi ya mjini, 'drone' bado ndiyo inayolipa.

Hata hivyo, 'drone' hazifanani. Nyingi za zile nyembamba ziliuzwa Japani kama magari ya mizigo, na viti vya abiria hufungwa baadaye. Kiti kilichochomelewa kwenye bati la sakafu bila kufikia fremu kinaweza kung'oka wakati wa ajali, na mkanda uliofungwa kwenye kiti hicho ukang'oka nacho. Kukagua nguzo za viti, mikanda na breki kabla ya kulipa hakugharimu kitu ikilinganishwa na bei ya gari jipya.

Iwapo mamlaka zinataka abiria wasafiri katika magari yenye boneti, kikomo cha umri wa magari peke yake hakitatosha. 'Drone' iliyotengenezwa majuzi bado imemketisha dereva juu ya injini, na abiria wawili kando yake.