Cheni, chumvi na vile vichupa vya oili: kipi chamfaa mtu wa Pwani?

Tangu vijana wa stejini mtaani kwetu waone kwenye simu vile vichupa vinavyodondosha oili kwenye cheni ya pikipiki vyenyewe, maswali hayaishi. Ninunue? Kipi? Kweli vyasaidia, au ni kutupa pesa? Mimi napanda pikipiki kwenda kazini kila siku, na nimekaa na mafundi vya kutosha, basi nijibu hapa mara moja.

Tuanze na adui. Bara cheni huuliwa na vumbi na matope. Huku kwetu hayo yapo, na juu yake kuna chumvi. Kusi ikivuma, ule unyevu wa bahari hutua kwenye mabati, kwenye grili za madirisha na kwenye cheni vilevile. Osha pikipiki jioni, ilaze nje karibu na ufuo bila kuitia oili, asubuhi utaona cheni imeanza wekundu. Kisha ipitishe kwenye mchanga wa njia za ndani za Diani au Watamu.

Ubaya ni kwamba cheni huliwa ndani, pasipoonekana. Kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya kibomba kidogo, na juu ya kibomba kuna rola. Tunasema cheni imevutika, lakini chuma hakijavutika: pini na kibomba vimesagana, kila pingili ikaongeza urefu kidogo. Boda nyingi hutumia cheni ya 428, ambayo kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Kaza cheni, hesabu pini 21, pima kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, itoe, na ubadilishe sproketi zote mbili, maana sproketi iliyochongoka hula cheni mpya kama mchwa.

Wapo wanaosema cheni ni kitu kidogo. Cheni ikikatika kwenye mwendo yaweza kujisokota kwenye sproketi ya mbele, ikavunja kasha la injini au kufunga gurudumu la nyuma. Fikiria hayo juu ya daraja la Nyali, matatu nyuma yako, na umembeba mama na mtoto. Hata ukisalimika, pikipiki ya mkopo hailipi ikiwa imelala kwa fundi.

Sasa hivyo vichupa. Cha rahisi kabisa ni chupa, mrija na bomba dogo la kufungua kwa mkono. Oili hushuka kwa uzito wake. Sikipendi kwa kazi ya boda. Abiria akiita umekimbia, bomba umeliacha wazi, ukirudi oili yote iko chini. Tena jua la adhuhuri huifanya oili iwe nyepesi, ile kasi uliyoipima alfajiri huwa maradufu.

Kuna cha kubinya. Unaibinya chupa, kipimo kidogo cha oili kinapanda, kisha kinashuka polepole mpaka kiishe. Ukisahau, cheni imekosa oili siku hiyo, lakini haimwagiki. Hakina waya, hakiguswi na umeme, na fundi yeyote anakifunga.

Cha tatu hufunguliwa na pumzi ya injini, kama kile mashuhuri cha Scottoiler kutoka Uskoti. Mrija mwembamba huunganishwa upande wa kabureta, injini ikivuta hewa vali inainuka, oili inadondoka, ukizima inafunga. Kazi safi, ila tazama kwanza kama injini yako ina tundu la kuunganishia. Fundi akitoboa ovyo, hewa itaingia pasipotakiwa na sailensa itakuwa hoi. Na kumbuka hiki hudondosha hata umesimama injini ikiwaka. Foleni ya feri ya Likoni unaijua, kwa hivyo zima.

Vya umeme husikia mwendo au mtikisiko na kupiga tone kwa kipimo. Ni vizuri mno kwa pikipiki kubwa za safari. Kwa boda inayooshwa kwa mashine ya presha kila jioni na kulala nje, waya na chumvi havipatani, na mwizi naye ana macho.

Chochote utakachochagua, kazi iko kwenye ncha ya mrija. Iguse sproketi ya nyuma, upande wa chini, ili sproketi ikizunguka irushe oili nje kuelekea kwenye rola. Ikining'inia juu ya tairi, utaanguka kwenye kona. Anza na tone moja kwa dakika hivi. Rimu ikijaa oili, punguza. Cheni ikikauka na kuwa nyekundu, ongeza.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiitie, hata kama ni ya bure. Ina unga wa chuma, nao unasaga. Oili ya msumeno wa miti hushika vizuri bila kuruka sana. Oili ya gia ni nzuri kwa kupaka kwa mkono, lakini kwenye mrija mwembamba huweza kukwama. Grisi nzito mahali pa mchanga usithubutu, huugandisha pale pale. Na ikiwa cheni yako ina ringi za mpira, isafishe kwa mafuta ya taa, si petroli.

Kwa mtu wa boda, mimi ningechukua cha kubinya. Mwenye pikipiki iliyofunikwa cheni yote kwa kasha la bati asinunue chochote, kasha lile linafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Afungue tu kizibo atie oili kila wiki. Na kabla ya kutoa pesa, piga hesabu: umenunua cheni na sproketi mara ngapi mwaka uliopita, na kwa bei gani? Ikiwa ni mara moja tu, kopo la oili na brashi ya zamani ya meno, kila jioni cheni ikiwa bado na joto, vinakutosha.